Kipande cha Breki Kilichoko Mbau

Butembo, tarehe 12 Januari 2024

Kavuo, mwana wa marehemu dada yangu Katungu,

Amani iingie nyumbani mwako kabla ya barua hii. Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu, maana kidole gumba kimeanza kuikataa kalamu majira haya ya baridi. Naomba radhi pia kwa kuandika badala ya kupiga simu kama watu wa sasa. Unalijua sikio langu: katika simu nasikia upepo tu, na jambo lenye uzito mapadri walinifundisha kuliandika.

Huku tu wazima kwa kiasi tulichojaliwa. Mvua iliubomoa ukuta wa jikoni, nao umejengwa tena. Mkwe wangu Phinées, mumeo, namsalimu kwa heshima, na watoto wote watatu.

Sasa niruhusu nifike kwenye neno lenyewe. Mwezi wa Agosti itatimia miaka mitatu tangu mke wangu Florentine atutoke. Unakumbuka tulivyompeleka kwao Kayna kumzika: juu ya kamioneti ya kukodi, kati ya magunia ya vitunguu, dereva akipiga mluzi. Kaka zake walinyamaza kwa sababu ni watu wenye adabu. Lakini mimi nilimtoa kwao mwaka 1975 akiwa ameketi kando yangu katika Alfa Romeo nyeupe ya viti viwili, ile ambayo watoto wa mtaa wanaiita Kiatu. Shemeji zangu wamepanga kumaliza matanga tarehe kumi na tano Agosti, nami nimewapa neno kwamba nitafika katika gari lile lile. Mgane asipofika inavyompasa siku hiyo, kwao husemwa kwamba hakuwahi kumrudisha mke kwao kwa heshima.

Injini nimeifufua. Kabureta nimezisafisha kwa unyoya wa kuku, kama zamani. Limebaki jambo moja, nalo ni breki. Ile pampu ndogo inayosukumwa na mguu ili mafuta yafike kwenye magurudumu, maître-cylindre, imeliwa na kutu ndani. Nikikanyaga, mguu unazama kana kwamba nakanyaga tope. Na njia ya Kayna yote ni milima.

Wewe una duka la vipuri hapo Beni. Pengine ukipata nafasi ungeuliza huku na huku.

Nakumbuka pia, bila nia yoyote, kwamba yule Mgiriki wa kahawa aliyeniachia gari mwaka 1974, Bwana Stavro, alikuwa na ndugu, na ndugu huyo alikuwa na gari pacha la hili. Liliachwa katika hangari ya kukaushia kahawa ng'ambo ya Mbau, kwenye shamba ambalo siku hizi ni la kakao. Nasikia bado liko pale chini ya mabati. Kuhusu hilo sikuombi lolote. Hali ya kule naielewa. Nakusimulia tu, kwa kuwa mtu anayekula peke yake huishia kuzungumza na karatasi.

Anayekusumbua daima, na kukupenda,
Mjomba wako, Siméon Mathe

*

Beni, 3 Februari 2024

Mjomba wangu muheshimiwa,

Dereva wa basi aliniletea barua yako imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalifika mazima. Tunakushukuru. Sisi tuko. Mtoto wa mwisho alishikwa na malaria, akapona, sasa anakula sawa na askari. Mama-mkwe Tamar anaumwa magoti na anakusalimu.

Nilifanya ulivyosema. Nilichukua picha ya ile maître-cylindre nikazunguka nayo maduka yote ya Beni. Muuzaji wa kwanza aliitazama, akaniuliza: «Mama, hii ni ya ndege ao ya mtumbwi?» Wa pili akasema: «Weka ya Corolla tu. Gari haijui kusoma.» Wa tatu, muzee mmoja, aliivua kofia. Alisema aliwahi kuona gari kama hilo likipita alipokuwa mtoto, na hakulala siku mbili. Lakini kipande hana, na hajui aliye nacho.

Phinées nilimsomea barua yako akila. Alicheka kwa ajili ya Kiatu mpaka chai ikamwagika. Halafu akawa fundi, akasema: «Muzee asiteseke. Butembo kuna tourneur, fundi wa kuchonga chuma, anaitwa Maliro, huyo anaweza kutengeneza hata meno ya mutu. Apanue ile tundu, atie bague, pete ya bronze, aweke raba za Toyota. Ni kazi ya nusu siku. Breki itashika mpaka Kayna na kurudi.» Mjomba, mimi pia naona hivyo. Mpelekee Maliro.

Kuhusu Mbau nisamehe nikisema kwa ufupi. Watu wanaingia mashambani asubuhi kuvuna kakao, wanatoka kabla ya saa sita, na si wote wanaotoka, kwa sababu waasi wako porini. Mwezi uliopita kanisa la Phinées lilizika wanne. Lakini hujaomba kitu, donc sina la kukataa.

Binti yako,
Kavuo

*

Butembo, tarehe 11 Februari 2024

Kavuo mpendwa,

Utulivu ukae nanyi. Nimefurahi kusikia mtoto anakula. Mwambie Mama Tamar asugue magoti kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Florentine alifanya hivyo. Nakuomba radhi kwa miguu yako iliyozunguka maduka kwa ajili yangu. Ningekuwa kijana ningezunguka mwenyewe.

Kuhusu bague ya bronze namshukuru mkwe wangu kwa dhati. Maliro ni fundi stadi. Alikaa katika darasa langu miaka miwili. Lakini hapo ndipo ugumu wangu ulipo. Kwa miaka thelathini na mmoja, katika karakana ya misheni, niliwafundisha vijana kwamba breki haibahatishwi: kiwekwe kipande cha asili, ama gari libaki limesimama. Niliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo. Nitasimamaje leo mbele ya Maliro nimwombe anitengenezee kile nilichomkataza? Hata kumwuliza sijamwuliza.

Ndani ya bahasha utaona mchoro. Usiutilie maanani, niliuchora baada ya Misa kwa kujifurahisha. Unaonyesha mahali kipande kilipo katika gari la namna hii, chini ya sakafu upande wa dereva. Kimeshikwa na boulon mbili, bolti zifunguliwazo kwa spana, kle ya kumi na tatu. Bomba la mafuta litakuwa limekwama kwa kutu. Afadhali kulikata kuliko kupoteza muda. Anayejua kazi angemaliza kwa dakika ishirini.

Tafadhali mwambie Phinées asijisumbue.

Mjomba wako mwenye madeni ya shukrani,
Siméon Mathe

*

Beni, 20 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu sana. Watoto wako shuleni. Mama Tamar alisugua magoti, anasema yamepoa kidogo, ao anakuheshimu tu.

Nimechelewa kujibu, na nitakuambia kwa nini. Barua yako niliificha dukani, chini ya boulon katika kopo, wiki tatu. Sikutaka Phinées auone mchoro. Juzi alikuwa anamtafutia mteja boulon ya shok, akamwaga kopo lote mezani.

Aliugeuza mchoro juu chini, chini juu. «Mjomba yako anaandika sawa padri,» akasema, «anachora sawa ingénieur. Lakini ni chef, bosi wa kutuma watu, huyu.»

Nikamwambia: «Ameandika usijisumbue.»

«Kavuo, we ni Munande, wa kabila ya mjomba yako, ao wa wapi? Muzee wa namna ile atakuambia lini ‘njoo unisaidie’? Njo namna yake ya kuomba, hivi. Amesema mara moja. Amesema mara mbili. Wakati wa kukuoa baba yako hakukuwa. Huyu njo alisimama, akapokea mbuzi yangu, akanipa bibi. Akisema mara ya tatu na mimi nimekaa tu, nitaweka wapi uso kwa batu ya kwenu?»

Mimi pia, Mjomba, nililelewa hivyo. Mama alikuwa akituambia: mjomba hatamki mara tatu.

Nakusihi basi, kwa magoti: usiandike tena neno Mbau. Hata kwa kukataza usiandike. Ukikataza, yeye anasikia mara ya tatu. Andika juu ya mvua. Andika juu ya kanisa. Na gari lipeleke kwa Maliro.

Kavuo

*

Butembo, tarehe 4 Aprili 2024

Kavuo mpendwa,

Furaha ya Pasaka iwafikie ninyi nyote, Wakatoliki na Wabatisti wa nyumba yako. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimeona haya kwamba mzee anaweza kuwatia watu wasiwasi asipokusudia. Unisamehe.

Kama ulivyotaka, nitaandika juu ya mvua. Imenyesha juma zima. Barabara ya sokoni imekuwa mfereji, na mwanamke mmoja alipoteza kapu la mihogo nililolitazama likielea mpaka kwenye kona. Kanisani tuliimba vizuri, ingawa sauti za kiume zimepungua. Kiatu nimekifunika kwa turubai. Kila asubuhi nawasha injini dakika tano ili isigande, nami nakaa ndani. Kwenye kiti cha pili naweka kofia yangu.

Shemeji zangu wa Kayna wameniandikia kuuliza kama gari liko tayari. Nitawajibu kwa ukweli: kwamba upande wa Beni ninaye binti wa dada yangu, na mkwe niliyempokea kama mwana, lakini nyakati ni ngumu kwa kila mtu. Wataelewa. Wasipoelewa, aibu ni yangu peke yangu.

Baada ya Misa nilizungumza na mfanyabiashara wa kakao atokaye pande zile. Anasema kila Jumanne wavunaji huingia ng'ambo ya Mbau wakisindikizwa na wanajeshi, na kwamba hangari ya Mgiriki bado ina mabati yake yote. Naliandika hili kwa kuwa ni habari njema kwa wakazi wa kule, wala si kwa sababu nyingine.

Akuombeaye kila siku,
Mjomba wako, Siméon Mathe

*

Butembo, tarehe 30 Mei 2024

Kavuo mpendwa,

Majuma manane yamepita bila neno kutoka kwenu. Nimemwuliza dereva wa basi. Ameniambia duka lako limefungwa, akatazama kando. Sikutaka kumhoji mtu aliye kazini.

Ikiwa nimekukosea, niambie. Ikiwa kuna mgonjwa, niambie pia. Hapa hakuna jipya.

Kwa heshima na wasiwasi,
Siméon Mathe

*

Beni, 22 Juni 2024

Mjomba,

Nakusalimu. Sisi hatuko.

Barua yako ya Aprili dereva alimkabidhi Phinées, naye alisimama mbele yangu mpaka nikamsomea yote. Alikwenda Jumanne tarehe 14 Mei. Asubuhi aliniambia anakwenda Oicha kumtazama mteja mwenye Hilux. Njia ya Oicha hupita Mbau, sikuwa na la kubishia. Lakini ubaoni dukani kila kle ina msumari wake, na msumari wa kumi na tatu ulikuwa mtupu.

Nilisimama mlangoni. «Kle ya kumi na tatu iko wapi?»

«Mufukoni. Mutu na kle yake.»

«Phinées, Hilux ya mteja inafunguliwa na kumi na tatu?»

«Inafunguliwa na akili. Toka mulangoni, mama, jua inapanda.» Akacheka. «Saa sita niko hapa. Uniwekee ndizi ya kuchoma.»

Nilitoka mlangoni.

Aliingia na wavunaji wa kakao. Wanajeshi walipaswa kutangulia, siku ile walifika nyuma. Walioponyoka wanasema yeye hakuwa shambani pamoja nao. Alikuwa katika hangari, walisikia chuma kikigonga chuma. Halafu walisikia mengine. Walikufa saba. Tulisubiri siku tisa kabla ya watu kuruhusiwa kuingia kuwachukua. Sitakuandikia walivyomkuta. Sadrack, kaka yake mkubwa, alimtambua kwa salopeti, nguo yake ya kazi.

Mfuko ulikuwa chini yake. Kipande alikuwa amekwisha kukitoa. Bomba limekatwa, kama katika mchoro. Nakutumia kwa basi hili hili, nimekifunga katika taulo. Taulo usirudishe.

Watoto wanauliza mambo. Nimefungua duka juzi kwa sababu ya chakula.

Kavuo

*

Butembo, tarehe 2 Julai 2024

Kavuo, binti yangu katika majonzi,

Sina salamu inayofaa. Bwana ampokee Phinées mahali ambapo hakuna mtu anayemwinda mwenzake. Nimemtolea Misa tatu. Nawaandikia Mama Tamar na Bwana Sadrack barua ya pole, ambayo utaikuta ndani ya hii. Uwasomee kwa sauti ya upole. Nakuomba unisamehe kwa kutokuja matangani. Habari ilinifikia tayari mmezika, na goti langu halikubali safari ya basi kwa sasa.

Nimekaa na jambo hili mchana na usiku. Kama ujuavyo, barua zangu zote naziandika juu ya karatasi ya kaboni, na nakala nazihifadhi, kama tulivyofundishwa. Nimezisoma upya, neno kwa neno. Katika ile ya Januari niliandika kwamba siombi lolote. Katika ile ya Februari niliandika kwamba mkwe wangu asijisumbue. Katika ile ya Aprili sikuandika ila habari. Sikupata sentensi hata moja ninayomwambia aende. Nayasema haya si kwa kujitetea, bali ili moyo wako usibebe hasira juu ya huzuni.

Kipande kimefika. Kwa kuwa nimezoea kusema ukweli wa kazi, sina budi kukuarifu kwamba hakifai. Unyevu wa miaka hamsini umekila kuliko changu.

Tena, tangu Jumamosi vita vimefika Kirumba na Kayna. Hakuna basi linalokwenda huko, na shemeji zangu hawapatikani. Matanga ya Agosti hayatakuwapo. Mungu hupanga kwa namna yake.

Pokea tena na tena samahani za mzee,
Siméon Mathe

*

Beni, 14 Julai 2024

Mjomba,

Kwamba kipande hakifai, ulipaswa kufa nalo bila kuniambia.

Sasa nisikilize, kwa sababu sina muda wa kukuandikia vizuri. Ndugu za Phinées walikaa jana katika lupango, uwanja wa nyumba ya Mama Tamar. Kwao iko desturi. Mtu akifia njiani katika kazi ya mwingine, aliyemtuma anakuja, anakaa chini karibu na majivu ya moto wa matanga, hapewi kiti wala salamu, na anasema mbele ya wote: ni mimi. Baada ya hapo wanaweza kumwacha marehemu apumzike. Asipoonekana aliyetuma, wanamtafuta.

Sadrack aliuliza: «Mutu hatoki kwake bila kutumwa. Ni nani alimutuma ndugu yetu?»

Nikasema ni barua za mjomba. Nilizileta zote. Katekista akazisoma kwa sauti, pamoja na hii ya mwisho, mahali unaposema umezisoma upya na hukupata sentensi. Watu walitikisa kichwa. Mmoja akasema: «Muzee mwenye adabu kweli, huyu.»

Sadrack akanitazama. «Hapa hakuomba. Hapa anakataza. Na anayesoma barua nyumbani ni nani? Phinées hakupenda kusoma. Ulimusomea nini wewe, na kwa sauti gani? Donc ni wewe, Kavuo, njo ulimutuma bwana yako akafe juu ya gari ya mjomba yako.»

Mama Tamar alivuta khanga akajifunika uso.

Wamenipa mpaka Jumapili tarehe 21. Siku hiyo, kama aliyetuma ni mimi, ninatoka katika nyumba na nguo zangu, na watoto watatu wanabaki kwa Sadrack. Sadrack si mtu mubaya. Anazika ndugu yake.

Sitaki samahani tena, Mjomba. Ninazo nyingi, zimejaa droo. Sitaki Misa. Nataka unijibu neno moja, na ulijibu kwa mkono wako, kwa sababu mkono wako wanauamini kuliko mdomo wangu.

Ulikuwa unaomba, ao hapana?

Kavuo

*

Butembo, 19 Julai 2024

Kwa Sadrack, kwa Mama Tamar, na kwa wote watakaokaa Jumapili. Katekista asome kwa sauti.

Phinées nilimtuma mimi.

Nilimtuma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwonyesha mahali. Mara ya pili nilimchorea kazi na kumwandikia namba ya kle. Mara ya tatu nilimwambia siku ya kwenda. Niliandika kwa namna ambayo akifaulu ingekuwa zawadi yake, na akipatwa na baya asiwepo mtu wa kunishika. Namna hiyo ya kuandika naijua vizuri. Imenifaa maisha yangu yote.

Kavuo hakumtuma mtu. Barua ya mchoro aliificha ndani ya kopo la boulon. Aliniandikia akinisihi nisitaje tena Mbau. Ninayo barua hiyo, nitakuja nayo. Nilipoisoma nilielewa kila neno, na siku hiyo hiyo nikaandika ile ya tatu.

Kuna na lingine, ambalo yeye mwenyewe halijui. Nilimwandikia kwamba Maliro sijamwuliza. Nilidanganya. Maliro nilimwuliza tarehe 8 Januari, siku nne kabla ya barua ya kwanza. Alikishika kipande, akakigeuza, akasema: «Mwalimu, kesho saa sita mchana uje ukichukue.» Nilikirudisha mfukoni nikaenda zangu, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wangu na alitabasamu kama anayekumbuka nilichomkataza.

Jana nilimpelekea kile kile changu. Leo saa sita nimekichukua. Breki inashika.

Gari sitalileta. Nitapanda basi la kwanza Jumapili asubuhi. Nionyesheni majivu yalipo, nitakaa.

Niliomba, Kavuo.

Siméon Mathe